Damu ya Mswaki

Tangu nistaafu sijui kukaa. Naamka kabla ya jogoo wa jirani, nafagia ua nilioufagia jana jioni, napanga vikombe, navipangua, halafu nasimama dirishani hapa Mwihoko kuwaangalia wapangaji wa nyumba za mbele wakikimbilia kazi. Nawaonea wivu, nasema wazi. Watoto wangu wananiambia, "Mum, si upumzike tu." Napumzikaje? Mgongo umezoea kuinama, vidole vimezoea kushika chuma, na asubuhi ikisonga bila mtu kunifungulia mdomo nahisi kuna mahali nimechelewa kufika. Kwa hivyo vijana wa kliniki waliponiandikia kwenye simu, "Madam Wangari, tuandikie mambo ya kazi, usituache hivi hivi," nilikubali upesi kuliko ilivyofaa. Naandika nikiwa nimesimama jikoni. Kiti nimekijaribu, kimenishinda.

Mambo ya vyeo sitayaandika. Kupandishwa kulikuja kukiwa kumechoka njiani, na mshahara mnaujua wenyewe kwa sababu ndio mnaopata. Nitaandika kuhusu fizi, hasa fizi za mama wajawazito. Ninyi vijana mna haraka na meno. Mtu akifungua mdomo mnahesabu meno yaliyotoboka na mnazipita fizi, na zinawaangalia hapo hapo, nyekundu.

Nilifika Thika nikiwa msichana mwembamba, koti jeupe likinizidi mabega. Kituo chetu cha afya kilikuwa karibu na Eneo la Viwanda, na foleni ya asubuhi ile ya kwanza ilikuwa ya watu wa ovaroli walioshika mashavu, kila mmoja akitaka kumaliza kabla ya shifti. "Ng'oa tu, daktari, niende." Mimi si daktari. Kazi yangu ilikuwa kusafisha meno na fizi na kufundisha watu kutunza kinywa. Wiki ya kwanza nilijaribu kumweleza kila mtu hivyo, halafu nikaacha. Thika ukivaa koti jeupe na kusimama karibu na koleo, wewe ni daktari. Mzee mmoja wa kiwanda cha nguo nilimwambia kwamba jino lake liko sawa, ni fizi ndizo zimeharibika. Akanitazama kwa huruma. "Msichana, mimi nimekuja na jino," akasema, kisha akaomba aitiwe mtu mzima.

Mtu mzima alikuwa Daktari Mwaniki, mkubwa wa kliniki yetu ya meno, mwanamume mpole anayeongea taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikia kwa vidole. Ukoga ukikaa kwenye jino siku nyingi unageuka jiwe, na jiwe hilo linajificha chini ya fizi ambapo jicho halifiki. Unapitisha chuma polepole. Kikiteleza, pamesafika. Kikikwama, pana kitu. Mwaniki aliniambia nifumbe macho nisikilize mkono. Nikafumba. Mgonjwa, mama mmoja wa sokoni, akaniuliza kama namwomba Mungu, na kama naomba basi nimweleze ukweli, hali yake ni mbaya kiasi gani.

Kiti chetu kilipandishwa kwa kukanyaga, na kilikuwa na tabia ya kushuka chenyewe. Ulianza kazi mgonjwa akiwa kifuani pako, ukamaliza akiwa magotini. Ninyi mna viti vya umeme na bado nawasikia mkilalamika kuhusu mgongo. Haya.

Sasa, mlango uliotazamana na wetu, ng'ambo ya koridoo, ulikuwa wa kliniki ya wajawazito. Huko alitawala Sista Philomena, mkunga mnene mwenye ndara na sauti ya kuongoza kwaya, tepu ya kupimia tumbo ikining'inia shingoni mwake kutoka asubuhi hadi jioni. Ukimwona sokoni Jumamosi unashangaa shingo yake iko tupu. Alikuwa amenitangulia kazini, na ndiye niliyejifunza kwake kuongea na mwanamke anayeogopa: unamuuliza kwanza amekula nini, halafu ndio unamuuliza kinachomleta.

Milango hiyo miwili ilikuwa hatua chache tu kutoka mmoja hadi mwingine, na hakuna mama aliyevuka. Swali letu la kwanza kwa mwanamke lilikuwa, "Uko na mimba?" Akisema ndiyo, tulimwambia arudi akijifungua. Ndivyo walivyotufundisha waliotutangulia: mjamzito usimguse mdomo, utamshtua mtoto. Na akijifungua harudi. Atarudi na nani, mtoto yuko kwenye titi na nguo ziko kwenye beseni? Kule kwa Sista nako walimpima mkojo, damu, presha na tumbo, na mdomo walikuwa wakiutazama tu ukiongea. Kwa hivyo kinywa cha mjamzito hakikuwa cha mtu. Jambo hilo lilinikera kwa miaka. Nilikuwa nawaona kwenye benchi pale nje wakitema mate mekundu kwenye leso na kuficha leso, na mimi naita mtu mwingine.

Halafu nikaitwa kwenye mafunzo. Kwa kawaida mafunzo ni chai na mandazi, lakini hayo yalinitoa usingizini. Walitueleza kwamba mimba yenyewe hufanya fizi ziwe na hasira, ukoga kidogo tu zinavimba na kutoka damu. Kwamba fizi zikiugua sana, vijidudu na sumu za ule uvimbe vinaweza kuingia kwenye damu ya mama na kufika kwenye kondo la nyuma, pale mtoto anapopatia chakula chake. Kwamba watafiti wameona mama wenye fizi mbovu wanazaa watoto wadogo, au kabla ya wakati, mara nyingi kuliko wenzao. Na kwamba kusafisha fizi wakati wa mimba ni salama. Nikainua mkono. Nikauliza, tukizisafisha, mtoto atakua? Mkufunzi alikuwa mtu mkweli. Akasema hapo wanabishana. Wengine waliosafishwa walizaa watoto wazito zaidi, wengine haikuonekana tofauti. Huenda fizi zinamdhoofisha mtoto. Huenda zinatembea tu pamoja na mambo mengine, kama lishe mbovu na kazi ngumu. Huenda. Nilirudi Thika na neno hilo likinizunguka kichwani kama nzi.

Nilivuka koridoo kabla hata ya kuvaa koti. Sista Philomena alinisikiliza akikunja tepu.

"Wangari, niambie kitu kimoja," akasema. "Nikikuletea hawa mama, watoto watakua?"

"Sijui."

"Sasa nitawaambia wanakuja kwako kufanya nini?"

"Waambie mdomo unaotoka damu kila siku ni ugonjwa. Hata kama mtoto hatabadilika, mama atakula bila kuumia. Na huenda mtoto akabadilika."

Alicheka. "Wewe unataka nipeleke watu kwa huenda."

Lakini aliwapeleka. Daktari Mwaniki alifikiria siku nzima, kama kawaida yake, akakubali kwa masharti: miezi ya katikati ndiyo bora, kung'oa kungoje isipokuwa kuna usaha au maumivu makali, na asiwepo mtu wa kumuahidi mama jambo ambalo hatuwezi kulitimiza. "Hilo la mwisho ni lako hasa," akaniambia. Ananijua.

Kwa hivyo shikeni haya, ni ya mkono. Mama mwenye tumbo kubwa msimlaze chali, atazimia mkiwa mmeshika chuma mdomoni mwake. Mwinamisheni kidogo upande wa kushoto, mkunjieni leso au blanketi chini ya nyonga ya kulia. Fanyeni robo ya mdomo, si mdomo wote, mama hana nguvu ya kufungua kinywa muda mrefu. Anayetapika asubuhi asipige mswaki papo hapo, asukutue na maji kwanza, asidi ya matapishi itoke. Mkiona kinyama chekundu kimechomoza katikati ya meno, msimtishe, mara nyingi ni uvimbe wa mimba na hunywea baada ya kuzaa. Na muulizeni kuhusu mawe. Mnajua yale mawe laini yanayouzwa sokoni, wajawazito wanayatafuna kutwa? Yale husaga meno na kuacha mchanga kwenye fizi. Atakataa mara ya kwanza. Muulizeni tena mkiangalia pembeni.

Sasa nifike kwa Nduta, ambaye ndiye ninayetembea naye humu jikoni.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mpakiaji katika kiwanda cha matunda, ameolewa Gatuanyaga. Mumewe, Karanja, alikuwa fundi wa mjengo Ruiru na alirudi nyumbani wikendi, kwa hivyo Nduta aliishi na mama mkwe. Hiyo ilikuwa mimba yake ya pili. Mtoto wa kwanza, mvulana, alizaliwa kabla ya wakati, mdogo sana, akaishi siku chache akafa. Sista Philomena aliniambia hayo akiwa amesimama mlangoni pangu, mikono kiunoni, na sauti yake ya kwaya ilikuwa imeshuka.

"Na huyu wa sasa tumbo lake limenikalia vibaya. Mwezi jana tepu ilisogea kidogo. Mwezi huu ni kama imegoma. Picha ya tumbo inasema mtoto yuko, moyo unapiga, lakini ni mdogo kwa umri wake. Presha sawa, vipimo vingine sawa. Damu ndiyo iko chini. Muangalie mdomo, Wangari, aki sijapenda harufu ile."

Nduta aliongea na kiganja mbele ya midomo. Nilimsihi akiondoe. Fizi zake zilikuwa rangi ya zambarau, zimevimba hadi zimeyafunika meno nusu, na nilipozigusa na kioo tu, si chuma, kioo, damu ikatoka. Nimeona midomo mingi. Huo ulinifanya nitake kuketi.

"Mtoto atakufa?" akaniuliza.

Nilimwambia tuko watu wengi tunaofanya kazi ili asife. Nilisafisha robo ya kwanza, nikampa mswaki laini na dawa ya meno, nikamwonyesha namna ya kuulaza mswaki kwenye mpaka wa jino na fizi. "Utatoka damu," nikasema. "Usiache. Ukiendelea itapungua yenyewe." Akaitikia. Alipovuka koridoo kuchukua vidonge vyake vya kuongeza damu nilimsikia Sista akimwambia kwa ile sauti yake, "Na hiyo damu kidogo uliyo nayo, mama, ilinde." Niliita mgonjwa mwingine. Sikuona kasoro yoyote katika maneno hayo, na hakuna hata mmoja kati yenu ambaye angeiona.

Wiki mbili baadaye fizi zilikuwa vile vile. Robo niliyosafisha ilikuwa imerudi kuvimba.

"Nduta, unapiga mswaki?"

"Ndiyo, daktari."

"Kila siku?"

"Ndiyo, daktari." Kiganja mdomoni.

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Mtu mwenye mtoto anayekonda tumboni ananidanganya usoni. Nilisafisha robo nyingine, na chuma kilikwama kila mahali. Alipotoka nilizunguka kile chumba mpaka Daktari Mwaniki akaniambia, "Keti, Wangari. Mtoto hakuzwi kwa kutembea." Sikuketi. Jumamosi nilichukua pikipiki hadi Gatuanyaga.

Boma lao liko ndani, barabara ya vumbi, jua kali, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Mama mkwe, Mama Karanja, alinipokea vizuri. Mwanamke mkavu, mwepesi, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu. Alinipa kiti, na kwa adabu nikakaa, akaniletea chai ya maziwa ya mbuzi. Nduta alikuwa amejilaza, akaja akasimama nyuma yake. Nikiwa nakunywa, nikaona kwenye rafu ya jikoni glasi, na ndani ya glasi mswaki niliompa. Nyuzi zake zilikuwa wima kama siku niliyoutoa kwenye karatasi. Dawa ya meno ilikuwa kando yake haijaminywa.

Nikauliza huo mswaki ni wa nani. Nduta akatazama chini.

"Ni wake," Mama Karanja akasema. "Mimi ndiye niliuweka hapo."

"Kwa nini, mama?"

"Ndakitari, nikuulize na wewe. Sista alimwambia damu yake iko chini. Alimwambia ailinde. Si ndiyo? Sasa wewe unamwambia asimame hapo nje kila asubuhi na jioni, ajisugue, amwage damu chini, aendelee kumwaga. Ni hospitali moja hiyo?"

Nikamgeukia Nduta.

"Hata ile mimba ya kwanza mdomo ulikuwa hivi," akaendelea. "Alikuwa akipiga mswaki natemewa damu karibu na mlango. Nikamkataza. Nikamwambia asukutue tu na maji ya chumvi, aiweke hiyo damu kwa mtoto. Na kwa huyu nimemkataza mapema zaidi, kwa sababu yule tulimpoteza."

Nduta akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa naogopa kukwambia, daktari. Nyinyi wote mlikuwa mnasema kweli."

Haiya. Niliweka kikombe chini. Tulikuwa tumempa msichana huyo maneno mawili kutoka milango miwili, kila neno sahihi, naye akarudi nayo nyumbani kwa mtu anayempenda, na mtu huyo akayajumlisha kwa akili yake nzuri kabisa. Jumla yake ndiyo ile fizi ya zambarau.

Nilitafuta pa kuanzia, macho yakaangukia mbuzi. "Mama Karanja, mbuzi akivimba kiwele, maziwa yanatoka na damu, unaacha kumkama?"

"Nikiacha kiwele kinaoza. Lazima nikamue yote."

"Hata damu ikitoka?"

Alijua nilikokuwa nampeleka na hakupenda. "Msichana wangu si mbuzi, ndakitari."

"Najua, mama. Nisamehe."

Kisha akasema, akiangalia ule mswaki na si mimi, kwamba Jumatatu atakuja yeye mwenyewe aone ninachofanya, na kama damu ni nyingi atamchukua msichana wake waondoke.

Alikuja. Alisimama kando ya kiti, mikono imefungwa kifuani, kitambaa kichwani, akiangalia kibeseni kama mtu anayesimamia mizani ya majani chai. Nilimwinamisha Nduta upande wa kushoto nikaanza. Nilieleza kila kitu nilichofanya, kwa sauti, kama redio. Nilimwonyesha lile jiwe lililotoka chini ya fizi, jeusi, linanuka. Nilimwonyesha damu. Nikamwambia mate ndiyo yanayoifanya ionekane nyingi, ukiyaondoa haijazi kijiko, na kwamba damu iliyopungua mwilini inarudishwa kwa vidonge na mboga na maini, wala haizuiliwi kwa kuacha mdomo uoze. Sista Philomena alikuwa amevuka, ameegemea mlango.

"Mama," Sista akamwambia, "niliposema ailinde damu, sikumaanisha hii ya mswaki."

"Ungesema," Mama Karanja akajibu.

Tangu siku hiyo mimi na Sista tulikubaliana, mama akivuka kutoka kwake kuja kwangu, mmoja wetu anavuka naye, na maneno yanasemwa mbele ya sisi wote wawili. Wageni walidhani hatuna kazi. Ninyi mlioyakuta mambo hivyo mnadhani ni sheria ya serikali. Si sheria. Ni Mama Karanja.

Kutoka hapo alisimamia mswaki ule asubuhi na jioni. Nduta aliniambia kwamba akiharakisha, maitu, yaani mama mkwe, anamrudisha nje. Fizi zilianza kushuka. Zambarau ikawa nyekundu, nyekundu ikaanza kuwa waridi kwenye kingo, na siku moja nikapitisha chuma chote kuzunguka meno ya mbele na kikateleza. Nduta alikuwa ameondoa kiganja bila kuambiwa. Alikuwa na meno mazuri, kumbe.

Lakini tepu. Kila siku ya kliniki yake nilikuwa napata sababu ya kuvuka koridoo Sista akimpima. Mara ya kwanza ilisogea kidogo, Sista akakataa kunitazama. Mara iliyofuata ikasogea tena. Nilitamani kupiga vigelegele, na Daktari Mwaniki akaniambia ninyamaze, kwa sababu wakati huo huo damu ya Nduta ilikuwa imepanda, kiwandani walikuwa wamempa kazi ya kukaa, na Mama Karanja alikuwa anamlisha mayai yaliyokuwa yanaenda sokoni. "Ni lipi lililomkuza?" akaniuliza kwa upole wake ule. Sikuweza kumjibu, na hadi leo siwezi. Hilo ndilo linalonitoa kitandani. Mtu wa mifupa anaona mfupa umeunga. Sisi tunasafisha mdomo huku, mtoto anakua kule gizani, na kati ya mambo hayo mawili kuna huenda.

Mtoto alizaliwa mapema kidogo. Msichana. Alikuwa mdogo, lakini si wa kutisha, alilia mwenyewe, akanyonya mwenyewe, na akaenda nyumbani na mama yake. Sista Philomena alikuja kuniambia nikiwa na mgonjwa kitini, na nilimwacha mgonjwa mdomo wazi nikamkumbatia Sista na glovu zangu zikiwa chafu.

Siku ya chanjo walikuja wote, Nduta na Mama Karanja na mtoto ndani ya shali. Nduta akaingia kwa Sista mtoto apimwe uzito. Mama Karanja akabaki kwenye koridoo, akanishika mkono wa koti, akanivuta hadi ukutani.

"Ndakitari, nataka kukuuliza kitu, usinifiche. Ni mswaki?"

"Sijui, mama. Huenda umesaidia. Na mayai yako, na vidonge. Hakuna anayeweza kusema."

Alitikisa kichwa. Hilo halikuwa swali lake. Aliegemeza bega ukutani.

"Na yule wa kwanza," akasema. "Ule mswaki niliokataza. Ni mimi?"

Nilikuwa nimelitumia neno langu, huenda, kwa miezi. Nilimpa Sista, nikampa Daktari, nikampa Nduta, ili wapige hatua. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu angelichukua na kurudi nalo nyuma, hadi kwenye kaburi dogo kule Gatuanyaga.

"Watoto wanazaliwa wadogo kwa sababu nyingi," nikamwambia. "Hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia ilikuwa fizi. Hakuna."

"Na kuna anayeweza kuniambia haikuwa?"

Watu walikuwa wanapita. Nilitaka kumdanganya, ningetoa chochote nimdanganye, na nikamtazama yule mwanamke aliyekuwa amekuja kusimama kando ya kiti changu ili aone mwenyewe, nikashindwa.

"Hapana, mama. Hayupo."

Akaitikia polepole, mara kadhaa, kama mtu aliyelijua jibu. Hakunilaumu. Nduta akatoka na mtoto, akampa mkwewe amshike ili yeye avae viatu vizuri, na Mama Karanja akafunua shali akamtazama yule msichana mdomoni.

"Huyu hana meno," akaniambia. "Tunamwosha kinywa na nini?"

"Kitambaa safi, na maji vuguvugu. Unapitisha kidole taratibu juu ya fizi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na damu ikitoka?"

"Haitatoka, mama," nikasema. "Za huyu ni nzima."

Akaanza kulia, akimkumbatia mtoto, na mimi nikalia naye pale pale, koti jeupe na yote, mgonjwa wangu akiniita ndani.